Ng'ombe wa Kalunde Kwenye Ukuta wa Serikali

Mama mkwe wangu Kalunde alikuwa mshirika wa kanisa kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote sikumsikia hata mara moja akiisema Sala ya Bwana yote. Tukifika pale pa kuwasamehe wadeni, alifunga mdomo akatazama mabati. Sisi wengine tukishavuka, alijiunga nasi tena kwenye majaribu, akaendelea mpaka amina. Mchungaji alimwita siku moja akamuuliza sababu. Kalunde alimjibu kwamba hawezi kumdanganya Mungu mbele ya watu. Mchungaji alikuwa bado kijana, na tangu hapo akamwacha.

Nayasema haya mapema kwa sababu siku tuliyomzika alisimama mtu mmoja akamsifu kwa upole. Nilikaa pale kwenye benchi nikauma midomo. Upole upi? Mimi Muthoki niliolewa na mwanawe, nikaishi naye boma moja, nikamchotea maji na kumpaka mafuta mgongoni alipozeeka, na kwa miaka ya kwanza hakuniita jina langu. Aliniita mtoto wa wezi. Baadaye tulipendana sana, lakini mpole hakuwa, na mimi sitaki azikwe mara ya pili chini ya sifa za uongo.

Boma letu liko kwenye milima ya Mbooni, chini ya Kikima, mahali ambapo shamba limesimama wima na mtu akiangusha boga analifuata mpaka mtoni. Kalunde aliolewa hapo na Mutunga, mtu wa maneno machache na ng'ombe wazuri. Kisha ukaja ule mwaka wa 1938, serikali ya wazungu ikaamua kwamba Wakamba tuna ng'ombe kupita kiasi na wanamaliza nyasi. Ng'ombe walikusanywa kwa nguvu, wakafungiwa kwenye zizi kubwa la serikali wakingoja kuuzwa. Watu walikwenda kwa miguu mpaka Nairobi, wanaume na wanawake, wakakaa chini kumngoja gavana. Mwishowe serikali ikalegeza kamba, ikasemwa kwamba ng'ombe ambao hawajauzwa warudishwe kwa wenyewe.

Aliyeshika lango la zizi la upande wetu alikuwa kijana aitwaye Mulei, msaidizi wa mkuu wa kijiji. Alikuwa amesoma kidogo, akavaa kaptura ya kaki, na hiyo ilitosha siku hizo kumfanya mtu aogopwe. Mutunga alipofika na fimbo yake kuchukua mifugo, Mulei alimwambia, "Zako zilienda na lori jana. Saa hii ni nyama ya kopo." Mutunga akageuka akarudi nyumbani. Alimwamini, kwa sababu hakuwa mtu wa kufikiri kwamba mwenzake anaweza kutunga jambo la namna hiyo huku akimtazama usoni.

Hapa lazima nieleze kitu, hasa kwa vijana waliozaliwa wakati maziwa yanatoka kwenye pakiti. Kwetu kila ukoo una alama yake, na ng'ombe huchomwa alama hiyo ubavuni kwa chuma cha moto. Ya ukoo wa Mutunga ni upinde wenye mshale juu yake. Ya ukoo wetu sisi, mimi na Mulei, ni mistari miwili iliyokatana katikati. Ng'ombe akihama kwa halali, kwa mahari au kwa kununuliwa, alama mpya huwekwa ubavu wa pili, ile ya kwanza ikabaki wazi ili kila mtu aone alikotoka. Kuchoma alama juu ya alama hakuna maana nyingine. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi akiona hivyo anajua ng'ombe huyo ni wa wizi.

Kalunde alikuwa mtoni siku moja, anachota maji kwenye kisima cha mchangani, likapita kundi la ng'ombe. Mmoja, ng'ombe mwekundu aliyekuwa wake wa kukamua, aliyeitwa Katune, aliacha wenzake akaja kumlamba mkono. Kalunde alimzunguka kumtazama ubavu. Kidonda cha moto kilikuwa bado hakijapona, mistari miwili iliyokatana, na chini yake upinde ulionekana vizuri. Aliwauliza wachungaji ni ng'ombe wa nani. Wakasema ni wa Mulei.

Alikwenda mbio kwa mkuu wa kijiji akasema alichokiona. Mulei alikuwepo. Alicheka akasema mama huyu amerukwa na akili kwa njaa, na kwamba kumwita mtu wa serikali mwizi ni kosa. Wakamlaza chini mbele ya watu wakamchapa kiboko. Makovu yale niliyajua kwa vidole vyangu kila jioni nilipompaka mafuta. Mutunga hakuweza kukaa tena hapo kijijini akitazamwa. Alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ili aanze upya, na huko huko akafa. Hata mwili haukurudi.

Tangu siku hiyo Kalunde alitaka kitu kimoja tu duniani. Hakutaka Mulei afe. Mtu akisema Mulei anaumwa, Kalunde alihangaika, akaulizia habari zake mpaka alipopona. Alichotaka ni Mulei aitwe mwizi mbele ya watu, mchana kweupe, yeye Kalunde akiwa hai na anasikia. Alilisema hilo wazi, kwangu na kwa kila mtu, akimenya maharagwe au akifagia, na hakulipunguza hata neno.

Mwanawe Nzuki alikuwa mdogo wakati wa wizi, na Kalunde aliogopa atasahau. Kwa hiyo alimpa mkaa, akamwambia achore ng'ombe wa baba yake kwenye ukuta wa jikoni. Akikosea pembe, alifuta, akarudia. Huyu alikuwa na doa la jicho, huyu pembe imevunjika, huyu anatembea kichwa chini. Jikoni kwao hakukuwa na mahali pa kutundika kibuyu bila kumfunika ng'ombe uso. Hivyo ndivyo mume wangu alivyojua kuchora, na hakujifunza kwa mwalimu mwingine. Alipokuwa mtu mzima alichora mbao za maduka, vinyozi na hoteli kuanzia Kikima, akavuka mpaka Migwani huko Kitui. Bucha zote zilimtaka yeye kwa sababu ng'ombe wake walikuwa wananona ukutani.

Mimi nilimkuta kwenye kwaya. Tulipokuja kwa Kalunde kusema tunataka kuoana, aliniuliza ukoo. Nilipomtajia, alitua kibuyu chini, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Sasa tutapeleka ng'ombe huko tena," akamwambia mwanawe. "Za kwanza ziliibwa, hizi tutazipeleka wenyewe." Lakini hakukataa. Nadhani alitaka awe na mmoja wetu karibu, chini ya jicho lake.

Mwaka wa 1973 ofisi mpya ya DO, afisa wa tarafa, ilikuwa imekamilika, na miaka kumi ya uhuru ilikuwa inakaribia. DO alikuwa mtu wa Magharibi, mchangamfu, mwenye mipango mingi kuliko pesa. Alitaka ule ukuta mrefu unaotazama uwanja wa baraza uchorwe historia ya watu wa hapa, tangu misafara ya pembe za ndovu, hadi wamisionari, reli, siku za ng'ombe, akina mama wakichimba matuta, mpaka bendera. Kamati ikaundwa. Mwenyekiti wake alikuwa nani? Diwani Mulei, mzee wa kanisa lingine, mwenye lori na duka la jumla. Mchoraji aliyejulikana alikuwa mmoja tu, Nzuki.

Mulei alimpeleka kwenye sehemu ya siku za ng'ombe akamwonyesha kwa mkongojo wake. "Kijana, hapa utanichora mimi. Mbele kabisa, na fimbo. Mimi nilikuwa kwa ile safari ya Nairobi. Nyuma yangu uweke ng'ombe zikirudi kwa wenyewe." Kisha akamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Nzuki akasema ni wa Mutunga. "Aa, Mutunga," akasema Mulei, "alikuwa mtu mzuri sana," na akarudi kwenye maneno ya fimbo.

Alikuwa amesahau. Hilo ndilo lililomuumiza mume wangu kuliko kile kiboko alichochapwa mama yake. Alifika nyumbani akatupa brashi uani, akasema afadhali akalime kwa watu kuliko kumchora yule mtu shujaa. Mimi nilikuwa nimejifungua juzi juzi, nikiwa ndani na mtoto, nikawasikia wakizungumza nje.

"Mchore," Kalunde alisema.

"Mama, anataka niseme ni yeye alirudisha ng'ombe."

"Mchore vizuri. Mtu akipita barabarani amjue. Hata mama yake akifufuka amjue." Kisha akaongeza: "Na ng'ombe uzichore vile unazijua."

Nzuki aliokota brashi moja moja akazipangusa vumbi. Mimi sikuuliza, maana nilidhani ni kazi tu amekubali kwa ajili ya watoto.

Alifanya kazi ile nyuma ya magunia yaliyotundikwa ili watu wasione kabla ya sherehe. Alama alizichora mwisho kabisa, siku ya kumaliza. Na siku hiyo hiyo Mulei alikuja kukagua. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba aliificha mikono mifukoni. Mulei aliwapita ng'ombe wote akaenda moja kwa moja kwenye sura yake. Akaitazama kwa karibu, akaitazama kwa mbali. "Hii pua umenipea si yangu," akasema. "Na kofia?" Nzuki akarekebisha pua, akaongeza kofia. Mulei alikuwa amempa mgongo Katune muda wote huo, na rangi ya alama ilikuwa haijakauka.

Siku ya sherehe nilimbeba mtoto mgongoni tukaenda wote. DC, mkuu wa wilaya, alikuja kutoka Machakos, kwaya zikaimba, hotuba zikaenda mpaka watoto wakalala kwenye majani. Kisha magunia yakashushwa. Watu walipiga makofi, na kweli ulikuwa ukuta wa kupigiwa makofi. Ungalipo mpaka leo, umebanduka chini ambapo mvua inarusha matope, lakini ng'ombe wako juu. Mulei alikwenda kusimama chini ya picha yake, amevaa kofia ile ile, akingoja kutazamwa.

Wazee walianza kusogea. Alidhani wanakuja kwake. Walimpita, wakasimama mbele ya ng'ombe. Mzee mmoja aliinua fimbo akaifuatisha alama polepole, kwanza upinde, halafu mistari miwili iliyokatana juu yake. Akahamia kwa ng'ombe wa pili, na wa tatu. Makofi yalipungua yakaisha. Mimi nilisogea na mtoto wangu nikaona alama ya ukoo wa baba yangu, alama ya kaka zangu, imechomwa juu ya nyingine kwenye ng'ombe wote.

Kalunde aliinuka kutoka kwenye viti vya akina mama. Alisema kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida ya kuomba chumvi, "Huyo mwekundu anaitwa Katune. Ni ng'ombe za mume wangu Mutunga. Na aliyezichoma ni huyo ametangulia na fimbo."

DC alimwinamia DO kumuuliza mama anasema nini, DO akamuuliza karani, na karani, mtoto wa watu mwenye kuogopa kufutwa, akasema mama anasifu picha. DC akafurahi akampungia Kalunde mkono.

Nilidhani Mulei ataanguka. Hakuanguka. Tuseme ukweli, yule mtu alikuwa na akili. Alitazama ukuta, akatazama watu, akatabasamu kwa huzuni ya uongo, akasema, "Mmeona? Alama hiyo si yangu. Ni ya ukoo mzima. Leo tumeitwa wezi sisi wote, kwa nyumba ya serikali." Na wanaume wa ukoo wetu, ambao dakika moja kabla walikuwa wanamtazama kwa jicho baya, walikwenda kusimama upande wake. Baba yangu alikuwa kati yao. Walisimama pale begani kwa bega na mwizi, kwa sababu alama ilikuwa yao pia, na hakuna aliyemwita chochote.

Tulirudi nyumbani. Kalunde alikuwa amefikisha neno lake mdomoni mwa watu, na watu wakalimeza.

Kesho yake kaka yangu Mutiso alikuja. Alikataa kuingia, akakataa hata maji. "Muthoki, bwana yako ametuandika sisi wezi kwa ukuta," akasema. "Mzee hajakula tangu jana. Tumeenda kwa DO atuachie tupake rangi, anasema hiyo ni mali ya serikali, DC ameipenda, mtu akiigusa atalala ndani. Na Nzuki amekatazwa kukanyaga hapo." Kisha akaniambia walivyokata shauri. Ukoo wetu utachanga ng'ombe, uwalipe kina Mutunga, mbuzi achinjwe mbele ya ofisi, wazee wa pande zote wale pamoja, na neno life.

Mgeni anaweza kudhani hilo ni jambo jema. Lakini kwetu mbuzi wa namna hiyo akishaliwa, hakuna mtu wa upande wowote anayeruhusiwa kutaja kosa lile tena, wala yeye wala watoto wake. Mulei angelipiwa na ukoo, asitoe hata kwato, na Kalunde angefunga mdomo mpaka kaburini. Wazee wa ukoo wa mume wangu walikuwa tayari wamekubali. Ng'ombe ni ng'ombe, walisema.

Niliingia jikoni nikiwaka moto. Nilimkasirikia Nzuki, nikamkasirikia Mulei, na nilimkasirikia huyu mama aliyemfanya baba yangu ashinde njaa. Nilimwambia, "Mwaitu," ndiyo mama kwa Kikamba, "baba yangu hajawahi kuiba hata yai. Umetupaka mavi sote kwa sababu ya mtu mmoja."

Nilitegemea anifukuze. Badala yake aliokota mkaa jikoni. "Mimi nilisema nilichoona," akasema. "Hivi." Akachora ukutani mstari wa kwanza, akachora wa pili ukikatana nao, na mkono wake ulipofika mwisho wa mstari wa kulia, chini, ukapinda kidogo ukaenda nje.

Nilimshika mkono. "Hapo umefanya nini?"

"Wapi?"

"Hapo chini. Kwa nini umepinda?"

"Ilikuwa imepinda," akasema. "Kwa zote. Nilifikiri chuma iliteleza kwa sababu ng'ombe inaruka. Nzuki nilimwambia achore safi."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Mtu wa ukoo mwingine angejuaje? Sisi wa ndani ndio tunaojua kwamba mistari miwili ni ya ukoo, lakini kila mlango, yaani kila nyumba ndani ya ukoo, huongeza kitu chake kidogo ili ndugu wasigombanie ndama. Baba yangu huweka nukta juu. Mlango mwingine huacha nafasi katikati. Na mkia ule uliopinda nje, chini kulia, ni wa mlango mmoja tu. Aliuanzisha baba yake Mulei, na hakuna mwingine aliyewahi kuuchoma. Kalunde alikuwa ameuona mtoni akadhani ni makosa ya mkono, akauchukia ukoo mzima muda wote huo, mimi nikiwemo. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Basi wewe si mtoto wa wezi." Ndiyo radhi pekee niliyowahi kupata kwake, nami niliipokea.

Nzuki hangeweza kufika ukutani. Lakini sisi akina mama wa kikundi tulikuwa na zamu ya kufagia uwanja wa ofisi kabla ya mkutano wowote, na siku ya mbuzi zamu ilikuwa yetu. Nilifunga brashi na kikopo cha rangi nyeusi ndani ya leso, chini ya mtoto. Wenzangu walifagia wakitimua vumbi zaidi ya lazima. Askari wa chifu alinikuta nimepanda juu ya debe.

"Wee mama, unafanya nini hapo?"

"Namalizia bwana yangu kazi. Ana homa."

"DO anajua?"

"DO ndiye alitaka imalizike," nikasema, na kwa kweli ni nani asiyetaka kazi imalizike? Alinikodolea macho, akaona ni mkia mdogo tu wa rangi, akaenda zake kunywa chai.

Nilichora mkia kwenye kila alama, chini kulia, ukipinda nje. Sikuwa na mkono wa mume wangu, lakini kazi ile haikutaka mkono mzuri. Nilipofika kwa Katune nilisonya kabla ya kuchora, na nikaukaza mstari mara mbili.

Wazee walifika jua likiwa limepanda. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mlingoti wa bendera. Mulei alikuja kwa lori lake, akawasalimu wote kwa mikono miwili, mtu wa amani. Kalunde alikaa chini ya ukuta, amevaa kitambaa cha Jumapili. Baba yangu ndiye aliyepewa neno la kwanza kwa upande wetu kwa sababu ya umri. Aliinuka, akaanza kusema sisi si watu wa kuchukua vya wenyewe, akainua mkongojo kuonyesha ukuta, na mkongojo ukabaki juu.

Alisogea. Alikaribia mpaka uso wake ukawa karibu na ubavu wa Katune. Aliangalia huyo, akaangalia wa nyuma yake, mpaka wa mwisho. Wazee wengine wa ukoo wetu walimfuata mmoja mmoja. Kisha baba yangu akageuka akanitafuta kwa macho kati ya akina mama wenye mafagio, akanipata, na rangi ilikuwa bado kwenye vidole vyangu. Nilidhani atauliza nimejuaje. Alimuuliza Kalunde.

"Mama, siku ile mtoni, huu mkia ulikuwako?"

"Ulikuwako," akasema Kalunde. "Kwa zote."

Baba yangu alirudi mahali alipokuwa amekaa Mulei. "Mulei," akasema, "huu mkia ni wa baba yako. Sisi hatuna." Mulei alifungua mdomo aseme jambo la ukoo mzima, na baba yangu akamkatiza. "Wewe ni mwizi. Ulituleta hapa tukulipie, na wewe ni mwizi."

Aliyasema mbele ya ofisi ya serikali, mchana, na kila mtu akasikia. Nilimtazama Kalunde. Alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa polepole akikubali, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Wanaume wa ukoo wetu walimfungua mbuzi wao wakaondoka naye. Mulei aliachwa peke yake pale chini ya picha yake, na dereva wake mwenyewe alikuwa ameenda kusimama upande wa pili wa barabara.

Kuanzia hapo mambo yalimwendea vibaya, na sitajifanya nilihuzunika. Watu walianza kununua sukari kwingine. Wazee waliokwenda kumposea mwanawe mke walirudishwa na kibuyu chao cha pombe ya posa. Watoto wakipita ukutani walimwonyesha kwa kidole, pua ile ile na kofia ile ile aliyoitaka mwenyewe, na uchaguzi ulikuwa mwaka uliofuata.

Mulei alikuja nyumbani kwetu kabla ya mvua. Alikuja kwa miguu, akimvuta ng'ombe mwekundu mwenye mimba, na kijana wake wa kazi nyuma akivuta mbuzi. Alikuwa amekonda. Nzuki alikuwa anasaga rangi, mimi nilikuwa nimempakata mtoto aliyekuwa analia kwa sababu ziwa langu lilikuwa limekauka, na hatukuwa na ng'ombe wa kukamua.

"Mama Nzuki," Mulei akasema, "nimekuja tumalize."

"Tumalize nini?"

"Hiyo maneno ya zamani. Huyu ni wako. Amebakisha mwezi mmoja azae. Na mbuzi ndiyo hii, tuchinje hapa tule pamoja. Mimi ni mzee sasa."

Kalunde aliinuka akamzunguka yule ng'ombe. Alimpapasa mgongo, akampapasa ubavu, akamwangalia kiwele. Ng'ombe alinusa mkono wake. Nilimwona mama mkwe wangu akivuta pumzi, na nikajua amemtamani. "Ni ng'ombe mzuri," akasema.

"Chukua basi."

"Nikimchukua nitakuwa nimelipwa," akasema Kalunde. "Nikila hiyo mbuzi, kesho siwezi kukuita mwizi. Nzuki hataweza. Hawa watoto hawataweza. Na ile picha itakuwa picha tu." Akarudi akaketi. "Mrudishe. Nataka uzeeke na jina lako."

Nzuki aliweka chini jiwe la kusagia. "Mama," akasema taratibu, "watoto hawana maziwa."

"Watakunywa uji."

Mume wangu alimtazama mama yake, akamtazama yule ng'ombe kwa muda mrefu, kisha akashika jiwe lake akaendelea kusaga. Mulei alinigeukia mimi, mtoto wa ukoo wake, akitafuta mtu wa kumwombea. Mtoto alikuwa bado analia. Nilimweka mgongoni, nikaenda nikaondoa miti ya lango moja baada ya nyingine, nikasimama kando ili ng'ombe apite. Jioni hiyo nilipika uji wa wimbi bila maziwa, na Kalunde akaninyweshea mtoto kwa mkono wake mwenyewe mpaka akalala.